Nani alilijua jina kwanza?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli linapewa fedha na serikali, mkurugenzi wake anapitishwa na waziri, na medali zinahesabiwa kwa nchi. Uchunguzi utakuwaje huru hapo? Na mimi niliye nje nitajuaje kwamba faili limechezewa na wanasiasa, na lini mwanamichezo aliyenaswa anatafuta kisingizio tu?"

Nianze na simu. Nilikuwa bado mgeni katika kazi ya kukusanya sampuli, mashindano yamebakiza wiki chache, mtu wa ofisi fulani ya juu akanipigia. Hakuamuru kitu, wala hakunitisha. Aliuliza kwa upole, kama anayeulizia mvua itanyesha lini: "Kuna jina lolote tunalopaswa kulijua mapema?" Nikamwambia sina majina, nina namba tu. Ilikuwa kweli. Akashukuru, akakata. Tangu siku ile, kila nikisoma ripoti ya kashfa ya dawa michezoni, kitu cha kwanza ninachotafuta ni simu kama hiyo: ilipigwa saa ngapi, na aliyepokea alijibu nini.

Watu wengi wakisikia mkono wa siasa wanamwona waziri akigonga meza na kumwamuru mkuu wa maabara aandike kwamba mkojo ni safi. Yametokea hata hayo, nitayafikia. Ila mara nyingi siasa inaingia kabla, pale ambapo mtu asiyehusika na kesi anapata kulijua jina wakati bado kuna nafasi ya kufanya jambo. Ukitaka kuelewa kwa nini, ingia nami kidogo kwenye chumba cha sampuli.

Mwanamichezo anachagua mwenyewe chombo kati ya vilivyofungwa. Anakojoa mbele ya mtu wa jinsia yake anayemtazama moja kwa moja. Ndiyo aibu ya kazi hii, na hakuna njia ya kuikwepa. Kinatakiwa kiasi kisichopungua mililita 90. Kisha anachagua boksi lenye chupa mbili, A na B, zenye namba moja. Anamimina mwenyewe, anafunga mwenyewe. Kifuniko kinalia tik, tik, tik kadiri kinavyokaza, na kikishakaza hakitakiwi kurudi nyuma bila kuvunjwa. Fomu ina nakala kadhaa. Nakala inayokwenda maabara haina jina: ina namba, jinsia, mchezo, na dawa ambazo mwenyewe ametaja kuwa ametumia. Mkemia wa maabara anapokaa mbele ya mashine hajui kama anapima bingwa wa dunia au kijana aliyemaliza wa mwisho.

Akipata kitu, haripoti kwa bosi mmoja. Anaingiza matokeo kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa ADAMS, na taarifa inalifikia shirika lililoagiza kipimo na pia WADA, yaani Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, lenye makao Montreal. Wamewekwa wapokeaji zaidi ya mmoja makusudi, ili mmoja akitaka kulificha jambo, mwingine awe ameshaliona. Kwa hiyo nguvu yote ya mfumo huu iko mahali pamoja padogo sana: pale namba inapokutana na jina. Anayeshika vyote viwili kabla ya wengine ndiye anayeweza kufanya lolote.

Sasa twende Moscow. Desemba 2014 televisheni ya Ujerumani, ARD, ilirusha kipindi ambamo Vitaly Stepanov, aliyewahi kufanya kazi katika shirika la Urusi la kupambana na dawa, RUSADA, na mkewe Yuliya Stepanova, mkimbiaji wa mita 800, walieleza waliyoyaona. Tume ya WADA iliyoongozwa na Dick Pound ilitoa ripoti Novemba 2015. Kisha Grigory Rodchenkov, aliyekuwa mkuu wa maabara ya Moscow, akiwa amekimbilia Marekani, akaanza kuzungumza, na profesa wa sheria kutoka Canada, Richard McLaren, akapewa kazi ya kuhakiki maneno yake. Ripoti zake mbili za 2016 ndizo darasa bora kuliko yote niliyowahi kusoma juu ya swali lako.

Utaratibu ulikuwa hivi. Maabara ikiona dalili ya dawa katika upimaji wa awali, haikuandika kitu kwenye ADAMS kwanza. Ilipeleka taarifa kwa Naibu Waziri wa Michezo, Yuri Nagornykh. Namba ikaunganishwa na jina, jina likatazamwa thamani yake. Jibu lililorudi lilikuwa moja kati ya mawili. "Hifadhi", maabara ikaandika kwamba hakuna kilichopatikana. "Karantini", mwanamichezo akaachiwa sheria. Basi. Hapakuwa na haja ya kumhonga mkemia wala kuvunja mashine. Ilitosha kumweka mtu mmoja katikati ya maabara na ADAMS. McLaren alihesabu wanamichezo zaidi ya 1,000, wa michezo zaidi ya 30, walionufaika au kuhusishwa na mpango huo kati ya 2011 na 2015.

Olimpiki ya majira ya baridi ya Sochi, Urusi, 2014 ilikuwa ngumu zaidi, maana maabara ya Olimpiki inajaa wataalamu wa kigeni na sampuli haziwezi kupotea kwenye kompyuta tu. Hapo wakatoboa ukuta. Karibu na sakafu, kati ya chumba rasmi na chumba cha pembeni, palikuwa na tundu lililofichwa na kabati. Usiku chupa zilipitishwa, watu wa idara ya usalama, FSB, wakazichukua hadi jengo la jirani, wakazifungua na kuzirudisha. Ukamiminwa mkojo safi wa mwanamichezo yuleyule uliogandishwa miezi kadhaa nyuma, ukaongezwa chumvi au maji ili uzito wake ulingane na ule ulioandikwa kwenye fomu. Wachunguzi baadaye walikuta mikwaruzo upande wa ndani wa vifuniko, chumvi ya kiwango ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitoa, na katika sampuli za wanawake wawili wa timu ya hoki ya barafu, vinasaba vya mwanamume.

Lakini swali langu ni lilelile. Chupa hazina majina. Waliokuwa nyuma ya ukuta walijuaje wafungue ipi? Kwa maelezo ya Rodchenkov, wanamichezo walipiga picha fomu zao kwa simu baada ya kutoa sampuli, wakazituma. Mashine za mamilioni, chupa za Uswisi, walinzi mlangoni, vyote vikazungukwa na picha moja ya karatasi.

Hili halikuanza na Urusi. Ujerumani Mashariki ilikuwa na mpango wa serikali ulioitwa Mada ya Mpango 14.25, na maabara yake ya Kreischa iliwapima wanamichezo kabla ya safari ili ambaye mkojo wake ungeonyesha kitu abaki nyumbani, mara nyingi akitangazwa mgonjwa. Maabara ya kukamata ikageuzwa kuwa maabara ya kuficha. Vipimo vilikuwa vya kweli kabisa. Kilichobadilika ni nani anayesomewa matokeo kwanza.

Utaniuliza, je, yakishafichuliwa yanaisha? Hapana, na sehemu hii ya hadithi huwa inasahaulika. Mkono wa siasa wa awamu ya pili ni hatari zaidi kwa sababu unavaa nguo za sheria na za mahesabu. Septemba 2018 WADA ilikubali kuirudisha RUSADA, iliyokuwa imesimamishwa, kwa sharti kwamba data za maabara ya Moscow zitolewe kabla ya mwaka kwisha. Desemba wataalamu wakafika, wakarudishwa kwa hoja kwamba vifaa vyao havikuidhinishwa chini ya sheria za Urusi. Wakazipata data Januari 2019, muda ukiwa umeshapita. Zilipochunguzwa ikabainika kwamba baadhi ya matokeo yalifutwa na kubadilishwa, na hata ujumbe wa kubuni uliingizwa ili ionekane Rodchenkov alikuwa akiwatoza wanamichezo fedha. Mkurugenzi wa RUSADA wakati huo, Yuri Ganus, alisema hadharani kwamba data zimechezewa. Agosti 2020 akaachishwa kazi. Sababu iliyotolewa? Kasoro za matumizi zilizoonekana kwenye ukaguzi. WADA ilieleza wasiwasi mkubwa, lakini kiti kilikuwa kimeshapata mtu mwingine.

Ukiniuliza nitaje ishara moja tu ya kuangalia, ningekwambia: tazama kalenda ya kufukuzwa kwa watu. Mkurugenzi anayeng'olewa faili kubwa likiwa mezani huwa hang'olewi kwa sababu ya faili. Kila mara kuna risiti iliyopotea, gari lililotumika vibaya, mkataba uliochelewa. Inawezekana mashtaka hayo ni ya kweli. Jiulize kwa nini yameonekana mwezi huo.

Kuna namna nyingine ambayo haina tundu ukutani wala FSB, nayo kwa nchi nyingi ndiyo ya kawaida zaidi. Chukua Hispania. Alberto Contador alishinda Tour de France ya 2010, lakini sampuli yake ilikutwa na klenbuterol, dawa iliyopigwa marufuku, kiasi kidogo mno, pikogramu 50 kwa mililita. Alisema ilitoka kwenye nyama aliyokula. Januari 2011 shirikisho la baiskeli la Hispania lilipendekeza afungiwe mwaka mmoja. Februari, kesi ikiwa bado mikononi mwa kamati ya nidhamu ya shirikisho hilo, ofisi ya Waziri Mkuu José Luis Rodríguez Zapatero iliandika kwenye Twitter kwamba hakuna sababu ya kisheria ya kumwadhibu. Siku chache baadaye kamati ikamsafisha.

Tafadhali nisome vizuri. Sisemi Zapatero aliiamuru kamati, na wala hakuhitaji. Nimekaa kwenye jopo la nidhamu, naijua ile meza. Unakuwa na karatasi mbele yako, mwanasheria upande huu, daktari upande ule, na wote ni watu wenye kazi nyingine mchana, wenye watoto shuleni, wenye mashirikisho yanayosubiri ruzuku. Mkuu wa serikali akishasema jibu ni lipi, anayetaka kusema tofauti analazimika kuwa shujaa, na hakuna mfumo wa haki unaofaa kutegemea mashujaa. Katika kesi hiyo kilichookoa utaratibu ni kwamba shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, na WADA walikuwa na haki ya kukata rufaa nje ya Hispania. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliyoko Lausanne, ikamfungia miaka miwili kwa uamuzi wa Februari 2012, na taji la 2010 likaondoka.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani walifunga jalada la mwendesha baiskeli Lance Armstrong bila kumshtaki na bila maelezo ya maana kwa umma. Shirika la Marekani la kupambana na dawa, USADA, likaendelea peke yake. Julai mbunge Jim Sensenbrenner wa Wisconsin, jimbo lenye makao ya kampuni ya baiskeli iliyokuwa ikimdhamini Armstrong, akaandika barua akihoji mamlaka ya USADA na namna inavyotumia fedha za umma. Barua ya mbunge kuhusu matumizi ya fedha ni jambo halali kabisa, na ndiyo maana inafaa kwa kazi ya kushinikiza. Mkuu wa USADA, Travis Tygart, na wenzake hawakusimama, na Oktoba 2012 ushahidi wote ukawekwa hadharani.

Hapo ndipo ninapokujibu sehemu ya kwanza ya swali lako, kuhusu fedha. Serikali haiwezi kutolewa kwenye jambo hili, na anayekwambia itolewe hajawahi kulifanya. WADA yenyewe ilizaliwa 1999 kwa sababu mwaka mmoja kabla yake polisi na forodha wa Ufaransa walikamata gari la timu ya baiskeli ya Festina likiwa limejaa dawa. Vipimo vya michezo havikuwa vimeona kitu. Bila forodha, polisi na mahakama, unawakamata wazembe tu. Ndiyo maana bajeti ya WADA inachangiwa nusu na serikali za dunia na nusu na jumuiya ya Olimpiki, na kuna mkataba wa UNESCO wa 2005 unaozifunga serikali. Tena serikali ikilegea, anayeumia ni mwanamichezo. Oktoba 2021 Indonesia ilitwaa Kombe la Thomas la badmintoni huko Denmark, na badala ya bendera ya taifa ikapandishwa ya shirikisho lao, kwa kuwa shirika la nchi halikuwa limetekeleza mpango wa kutosha wa vipimo. Wachezaji wenyewe hawakukosa lolote. Kenya nayo Mei 2016 ilitangazwa kuwa haijatimiza masharti kwa sababu sheria iliyokuwa imetiwa saini mwezi uliotangulia ilikuwa na kasoro; ikarekebishwa, na nchi ikarudishwa Agosti, mwezi wa Olimpiki ya Rio.

Kwa hiyo fedha za serikali si dhambi. Kanuni ya Dunia ya WADA toleo la 2021 inaweka mpaka mahali pengine: mashirika ya taifa yawe huru dhidi ya serikali na dhidi ya mashirikisho ya michezo katika maamuzi ya kazi, yaani nani apimwe, lini, na faili lifanywe nini, na mtu anayeshika madaraka katika idara ya serikali inayohusika na michezo asiguse maamuzi hayo. Waziri anaweza kuuliza umetumia kiasi gani, umepima watu wangapi, kwa nini vipimo vya damu ni vichache. Asiulize nani. Katika hali halisi, uhuru huo unategemea vitu vya kuchosha kuandika: bajeti ya miaka kadhaa isiyoweza kukatwa kwa hasira, mkataba wa mkurugenzi wenye muda maalumu na sababu za kuuvunja zilizoandikwa, na jopo la rufaa ambalo mishahara yake haitoki kwenye dawati linalotafuta medali. Nchi ikikuonyesha sheria nzuri, uliza kuhusu hivyo vitatu.

Usisahau pia kwamba siasa si ya mawaziri peke yao. Lamine Diack, rais wa shirikisho la riadha la dunia kwa miaka 16 na aliyewahi kuwa meya wa Dakar, alihukumiwa Paris Septemba 2020 kwa rushwa iliyohusu kuwaficha wanariadha wa Urusi waliokutwa na dawa. Mkimbiaji wa marathoni Liliya Shobukhova alilipa takriban euro 450,000 ili kesi yake icheleweshwe. Na Diack aliwaambia wapelelezi wa Ufaransa kwamba aliomba fedha kwa Warusi kusaidia upinzani katika uchaguzi wa Senegal wa 2012. Mkojo wa mkimbiaji wa Urusi ukagharamia kampeni Dakar! Hata ungekuwa na shirika la taifa huru kiasi gani, faili likifika juu kwa mtu wa namna hiyo, linalala.

Sasa kesi ambayo nadhani ndiyo iliyokufanya uandike. Januari 2021, kwenye mashindano ya kuogelea Shijiazhuang, waogeleaji 23 wa China walikutwa na trimetazidini, dawa ya moyo iliyopigwa marufuku, katika sampuli 28. Shirika la China, CHINADA, lilieleza kwamba chembe za dawa hiyo zilikutwa kwenye jiko la hoteli walimokaa: kwenye kifyonza moshi, vyombo vya viungo na mfereji wa maji machafu. Hakuna aliyesimamishwa, hakuna kilichotangazwa. WADA ilipitia, haikukata rufaa, na dunia haikujua hadi Aprili 2024, New York Times na ARD walipolichapisha. Waogeleaji 11 kati yao walikwenda Olimpiki ya Paris.

Je, maelezo ya jiko ni ya kweli? Kisayansi yanawezekana; viwango vilikuwa vidogo na watu walikaa hoteli moja. Kinachonikera ni njia iliyofuatwa. Uchunguzi wa jikoni ulifanywa kwa msaada wa Wizara ya Usalama wa Umma, miezi miwili hivi baada ya tukio, na hakuna aliyeeleza dawa ya vidonge ilifikaje kwenye viungo. Kanuni inataka mwanamichezo aliyekutwa na dawa ya kundi hilo asimamishwe kwa muda wakati kesi ikiendelea. Haikufanyika. Wakili wa Uswisi aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo, Eric Cottier, aliombwa na WADA kuchunguza, akasema hakuona upendeleo kwa China, na kwamba uamuzi wa kutokata rufaa ulikuwa wa busara. Naukubali uaminifu wake. Lakini swali langu ni lilelile: majina 23 yalijulikana na nani, na wangapi kati ya wanaojua walikuwa wa serikali moja, kabla ya mtu wa nje kupewa nafasi ya kuuliza?

Halafu tazama kilichofuata, maana hapa wengi hushangilia upande mmoja na kufumba macho upande wa pili. Marekani ilikuwa imepitisha sheria Desemba 2020, yenye jina la Rodchenkov, inayowapa waendesha mashtaka wake nguvu ya kushtaki njama za dawa katika mashindano ya kimataifa hata nje ya mipaka yake. Kwa msingi huo, 2024 mkurugenzi mtendaji wa shirikisho la dunia la kuogelea aliitwa na wapelelezi wa Marekani kutoa ushahidi. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, IOC, ikajibu kwa kalamu: Julai 2024 ilipoipa Salt Lake City ya Marekani Olimpiki ya majira ya baridi ya 2034, iliweka kifungu kinachoiruhusu kuuvunja mkataba mamlaka ya WADA yasipoheshimiwa. Na Januari 2025 ikajulikana kwamba Marekani imezuia mchango wake wa 2024 kwa WADA, zaidi ya dola milioni 3.6.

Malalamiko ya Wamarekani yana uzito, na mengi nayaunga mkono. Hata hivyo, kuzuia fedha za mchunguzi kwa sababu ya faili moja ni kuingilia uchunguzi. Hakuna jina jingine. Na kifungu kinachomtishia mwenyeji wa Olimpiki ili polisi wake wanyamaze nacho ni siasa, hata kikiandikwa na mwanasheria wa michezo. Anayepima mkono wa siasa kwa kuangalia ni wa nchi gani hajaanza kazi.

Sehemu ya mwisho ya swali lako ilikuwa kuhusu visingizio. Kila aliyenaswa husema ni siasa, na hicho ndicho kilio rahisi zaidi, kwa sababu nchi yake itakiitikia. Mimi huanza kwa kutafuta uamuzi wenye sababu zake, si taarifa ya habari. CAS huchapisha nyingi. Naangalia kama hoja ya siasa ilipelekwa mbele ya jopo ikiwa na tarehe na karatasi, au ilibaki kwenye mikutano na waandishi. Naangalia kama chupa B ilifunguliwa mbele ya mwakilishi wake. Naangalia kama ushahidi bado upo, maana ushahidi unaoteketezwa "kwa utaratibu wa kawaida" huwa na bahati mbaya ya ajabu: Desemba 2014 maabara ya Moscow iliharibu sampuli 1,417 ilhali WADA ilishaiandikia izitunze. Na naangalia nani alitangaza kwanza. Waziri akitangaza kwamba mtu ni safi kabla ya shirika lenye kesi kufungua mdomo, jina lilimfikia mapema. Vivyo hivyo akitangaza kwamba ana hatia.

Halafu kuna wale walioangukia katikati, ambao sisi wa kazi hii tunawazungumzia kwa sauti ya chini. Kuthibitisha kwamba dola ilichezea sampuli hakuthibitishi kwamba sampuli ya mtu fulani ilichezewa. Wanamichezo 39 wa Urusi walipinga adhabu za Sochi mbele ya CAS. Februari 1, 2018 CAS ikawafutia 28 kati yao, kwa kuwa ushahidi dhidi ya kila mmoja wao haukutosha. Olimpiki ya majira ya baridi ya PyeongChang, Korea Kusini, ilikuwa ianze siku nane baadaye, na kwa kuwa Urusi ilikuwa imefungiwa, Warusi walioruhusiwa ni wale tu walioalikwa na IOC. Waliokuwa bado wanashindana wakaomba waalikwe, IOC ikakataa, wakarudi CAS, na asubuhi ya siku ya ufunguzi wakaambiwa wameshindwa.